Perege wana "viini vidogo" kwenye damu, niendelee kuuza?

Mfugaji wa Ilula
Kamweneni wadau. Nina bwawa la perege huku Ilula, maji nayavuta kutoka kijito kinachopita kwenye vinyungu vya nyanya. Samaki wanakula vizuri, wananenepa, hawafi. Binti yangu anasoma chuo. Alikuja na wenzake wakawatoa damu kwenye mshipa wa mkiani, wakapaka kwenye slaidi, wakaenda kuangalia kwa hadubini. Wanasema seli nyekundu nyingi zina kiini kidogo pembeni ya kile kikubwa, maana yake vinasaba vimeumia. Usingizi umenipaa. Wanaonunua ni majirani, wanalisha watoto. Nisimamishe kuuza?

Mtu wa Maabara, Mbeya
Pole sana ndugu. Seli nyekundu za samaki zina kiini, zetu hazina, ndiyo maana tone moja la damu yake linasema mengi. Seli inapogawanyika, kromosomu, yaani kifurushi kinachobeba vinasaba, ikikatika au ikishindwa kuvutwa upande wake, kipande kinaachwa nje ya kiini. Ukipaka rangi ya Giemsa unakiona: kidoa cha duara, hakifiki theluthi ya kiini kikubwa, rangi ni ileile, na hakijashikana nacho. Kikishikana, hakihesabiwi. Uchafu wa rangi nao huwadanganya wanaoanza.

Waulize vijana walilinganisha na samaki gani. Hata perege wa maji safi hakosi viini hivyo vichache, kwa hiyo "nyingi" peke yake haina uzito. Wahesabu seli zisizopungua 1,000 kwa kila samaki.

Kuhusu kula: vinasaba vilivyoumia haviambukizi, tumbo linavisaga kama chakula kingine. Cha kuogopa ni sumu yenyewe kama imebaki kwenye mnofu, na hiyo hadubini haiioneshi. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Waulize namna ya kuchukua sampuli za maji, tope na samaki. Mpaka majibu yatoke, mimi nisingeuza.

Mama Vifaranga, Mafinga
Baba, nani analima juu yako, na bomba la kupulizia analiosha wapi? Kwetu walikuwa wanasuuzia mferejini kabisa! Nenda ukaongee nao, na siku za kupulizia ufunge maji.

Mtu wa Maabara, Mbeya
Mama kagusa penyewe. Profenofosi na klopirifosi, dawa za wadudu, zimeongeza viini hivi kwa samaki kwenye majaribio.

Mfugaji wa Ilula
Asanteni. Hawakuwa na samaki wa kulinganisha. Shemeji ana bwawa la chemchemi Dabaga, watachukua kule. Mfereji nimeufunga, kuuza nimesimamisha.

Kijana wa Chunya
Na sisi wenye zebaki ya wachenjuaji dhahabu?

Mtu wa Maabara, Mbeya
Kwenu nina hofu zaidi. Zebaki huvuruga nyuzi zinazovuta kromosomu, halafu inakaa kwenye mnofu, na kupika hakuiondoi. Kambare mkubwa anayekula wenzake hulimbikiza kuliko perege. Wajawazito na watoto wasile kambare wa mito inayopita kwenye machimbo.