Nimezima mvutano wote lakini matufe makubwa bado yanashikana, nini kinayavuta?

chembe_2: Wakuu habari zenu. Nina simulesheni ya koloidi (chembe ndogo sana zinazoelea kwenye kimiminika) yenye matufe ya saizi mbili, makubwa nusu kipenyo nanomita 500, madogo nanomita 50. Mwanzo niliweka Lennard-Jones (fomula ya chembe kuvutana zikiwa mbali kidogo na kusukumana zikikaribiana sana) kwa kila jozi, kati ya kubwa na dogo nikatumia wastani wa vipenyo, makubwa yakashikana nikasema sawa si kuna mvutano. Basi nikautoa wote nikabakiza kusukumana tu yakigusana, hakuna chaji hakuna nini, na bado makubwa yanakutana mawili matatu yanakaa hivyo hivyo hayaachani kirahisi. Madogo yamejaza asilimia 30 ya ujazo. Leo siku ya nne napitia skripti sioni kosa. Nikiendesha makubwa peke yake hayashikani kabisa!

mzee_wa_entropia: Mkuu skripti yako haina shida, jibu umeliandika mwenyewe hapo mwisho. Madogo ndio yanayoyabana. Kila tufe kubwa lina ganda ambalo kitovu cha dogo hakiwezi kuingia, unene wake ni nusu kipenyo cha dogo. Makubwa mawili yakisogeleana sana yale maganda yanaingiliana, kwa hiyo nafasi iliyokatazwa inapungua na madogo yanapata sehemu zaidi ya kutembea, entropia (wingi wa namna chembe zinavyoweza kujipanga) inapanda. Ukitaka kuiona kama kani: pale katikati dogo halipenyi tena, ila upande wa nje yanaendelea kugonga muda wote, shinikizo hilo la madogo (la osmosisi) linayasukuma pamoja. Asakura na Oosawa walilionyesha hili 1954, na Vrij akaja na hesabu yake 1976. Mimi mpaka leo naona ni kitu kizuri mno, mvutano unaozaliwa na kusukumana tupu.

Pima mwenyewe. Kina cha mvutano yakigusana, kwa kT (kipimo cha nishati ya joto), ni sehemu ya ujazo ya madogo mara (1 + 1.5/q), q ikiwa ni saizi ya dogo kugawanya kwa kubwa. Kwako q ni 0.1, mabano yanatoa 16, mara 0.3 unapata 4.8. Joto peke yake haliwezi kuyaachanisha haraka hapo.

nanomita: Naongezea, hiyo 4.8 ichukue kama makadirio maana ule mfano wa Asakura na Oosawa unaruhusu madogo yapitane yenyewe kwa yenyewe kama hayaonani. Ya kwako yanagongana, na kwa asilimia 30 yanajipanga tabaka tabaka kuzunguka kubwa, so ukichora nishati dhidi ya umbali utaona shimo, halafu kilima kidogo, halafu mawimbi yanayofifia kila baada ya kipenyo cha dogo hivi.

Halafu ile Lennard-Jones usiirudie vile. Ukiweka sigma (kipimo cha saizi kwenye fomula hiyo) nanomita 1000, shimo la nishati linakaa kwenye 1122, yaani nyuso mbili zimeachana nanomita 122 na bado ndipo zinapopenda kukaa, tufe dogo zima linapita hapo kati!! Mvutano halisi unafuata mwanya kati ya nyuso. Kwa mwanya mdogo h, nishati ya van der Waals (mvutano wa asili kati ya chembe) ni kutoa A·R1·R2 / 6h(R1+R2), A ni namba ya nguvu ya mvutano wa maada husika, R1 na R2 ni nusu vipenyo. Weka namba zako: R1R2/(R1+R2) ya kubwa kwa kubwa ni 250, dogo kwa dogo 25, kubwa kwa dogo kama 45 tu. Wastani wa kawaida ungekupa 137, umeona ulivyo mbali.

hatua_ndogo: Kama unachotaka ni makubwa tu, toa madogo uweke nguvu yao kama mvutano kati ya jozi. Ujazo wa jumla wa madogo na makubwa ukilingana, kila kubwa moja linakuja na madogo 1000, na hatua ya muda inaamuliwa na madogo wakati kubwa linahitaji muda mara 1000 kusambaa umbali wa nusu kipenyo chake. Kwenye ule mfano wa 1954, q ikiwa chini ya 0.1547 maganda ya makubwa matatu hayawezi kukutana sehemu moja, kwa hiyo kujumlisha jozi jozi kunatosha kabisa. Ukibaki na yote, orodha ya majirani (chembe zilizo karibu za kukokotolewa) itenganishe kwa saizi la sivyo utasubiri sana.

chembe_2: Asanteni sana wakuu. Nimeshusha madogo hadi asilimia 5, kwa ile fomula ni 0.8 kT, na kweli makubwa yanagusana yanaachana yanaenda zake. Sasa naendesha 10 na 20 nichore nishati dhidi ya umbali nikitafute hicho kilima.