Kioo cheusi, naandika amri lakini faili haifunguki. Naombeni msaada

Bint_Langoni: Asalaam alaykum wanajamvi. Niko Lamu. Laptopu ikiwaka haileti vipicha vya kawaida, ni kioo cheusi na dirisha lenye C:\Windows\system32> basi. Nimesikia hapo mtu huandika amri na faili ikafunguka. Nataka faili za Word tu. Naandikaje? Nina haraka.

Fundi_Malindi: Waalaykum salaam. Andika cd na njia ya folda, kisha dir uone kilichomo, kisha start na jina la faili. Ukiandika herufi za mwanzo ukabonyeza Tab, jina hujimalizia lenyewe. Pembe za kioo zimeandikwa nini?

Nahodha_Shela: Dada, hamisha vitu vyako kwa simu. Laptopu yangu iliingia maji ya chumvi tukivuka kwenda Mokowe, nikaianika juani, haikuwaka tena hadi leo. Roho iliniuma, picha za arusi yangu zilikuwa humo.

Mkongwe_wa_DOS: Mwacheni aandike! Sisi tulianza na MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa kuandika amri tupu, ile iliyotoka 1981. Ofisini Mombasa asubuhi unaandika wp, Enter, WordPerfect, programu ya kuandikia, hiyo imefunguka, kioo buluu tupu. Kipanya tulikuwa hatukijui. Vijana wa leo wakikosa kipicha cha kubofya wanadhani mashine imekufa.

Bint_Langoni: Pembe zote nne zimeandikwa Safe Mode. Nimefika Documents na dir imeonyesha faili. Nikaandika start "Utenzi wa Harusi.docx", likatoka dirisha jingine jeusi, tupu. Faili haikufunguka.

Fundi_Malindi: Start ikiona alama za kunukuu mwanzo, inachukua maneno ya ndani kuwa kichwa cha dirisha. Tanguliza jozi tupu: start "" "Utenzi wa Harusi.docx". Ila kwenye Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, huduma nyingi zimezimwa, Word yenyewe huenda ikagoma. Tenzi ni za nani, na haraka ya nini?

Bint_Langoni: Vitu vya nyumbani tu.

Bi_Mkomani: Mwanangu, vitu vya nyumbani tu havimtii mtu wasiwasi hivi. Sema usaidiwe.

Bint_Langoni: Haya. Laptopu ni ya baba. Tenzi zake zote zimo humo na hazina nakala popote. Yuko Mombasa kwa matibabu ya macho, hajui lolote. Mpwa wangu aliichezea ikawa hivi. Fundi wa mtaani amesema dawa ni kufuta kila kitu aweke Windows upya, nimeshampa nusu ya pesa, anakuja alasiri. Msinilaumu, hiyo ndiyo kazi yake, na baba anarudi wiki hii akitaka kusoma. Nilitaka nizifungue nipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa.

Bi_Mkomani: Mpigie baba yako sasa hivi. Amana ya mzazi haifutwi kwa siri, hata kwa nia njema.

Mchunguzi_Barani: Jamani, mnachezewa. Baba mshairi, macho mabovu, mpwa, fundi wa alasiri! Kompyuta imekufa na yeye anajibu humu kila dakika. Hii imetungwa.

Bint_Langoni: Najibu kwa simu, kaka. Wallahi sina hamu ya kutunga hadithi leo.

Fundi_Malindi: Barani, lile dirisha la pili jeusi halibuniwi. Anayetunga angesema "imegoma" akaishia hapo. Hilo humtokea aliyekaa mbele ya mashine akaandika amri kwa mkono wake.
Bint, mzuie fundi. Chomeka flashi. Ikiwa imepewa herufi E, na jina la mtumiaji ni Mzee, andika:
xcopy "C:\Users\Mzee\Documents" E:\tenzi /E /I
Hiyo /E inabeba na folda za ndani. Ikimaliza, andika msconfig, hufungua mipangilio ya kuwaka kwa Windows, nenda Boot, utazame Safe boot.

Mchunguzi_Barani: Atuwekee picha ya kioo basi.

Bi_Mkomani: Wewe ndiye wa kuoneshwa tenzi za watu? Mwache mtoto anusuru kazi ya babake.

Bint_Langoni: Imemaliza, imetaja idadi ya faili zilizonakiliwa. Kwenye msconfig Safe boot ina tiki, na chini yake imechaguliwa Alternate shell. Lakini fundi nimeshamlipa. Si aifute tu, maadamu nakala ninazo?

Fundi_Malindi: Nakala hujaifungua bado, huwezi kusema unayo. Peleka flashi kwa kompyuta ya jirani, fungua utenzi mmoja hadi beti za mwisho. Kisha toa tiki ya Safe boot, washa upya. Hiyo Alternate shell ndiyo huleta dirisha la amri badala ya vipicha; aliichagua mpwa wako, Windows haina ugonjwa. Pesa ni maneno yenu wawili, mwambie fundi kazi haipo tena.

Bint_Langoni: Naenda kwa jirani sasa.

Nahodha_Shela: Fundi, na mke wangu mwenye Mac aandike start vilevile?

Fundi_Malindi: Hapana, Mac ni open kisha jina la faili. Linux nyingi ni xdg-open.