Kuagiza jumla China: Trade Assurance, ajenti, mkaguzi au LC? Kipi kinakukinga usipigwe?

MamaMakoroboi (Mwanza)
Wakuu salaam. Nina duka la mashuka na mapazia hapa Makoroboi. Mzigo nauchukua Kariakoo, na kila mwaka naona faida yangu inabaki hukohuko Kariakoo. Safari hii nataka kuagiza mwenyewe: mashuka ya pamba, jozi 2,000, na hela ikibaki niongeze pawabanki kidogo maana wateja wanaziulizia.

Kwenye Alibaba naongea na wauzaji watatu. Wote wana alama ya kuthibitishwa, wote wananiita mpenzi, na bei zao zimepishana karibu mara mbili kwa shuka ambalo kwenye picha ni lilelile. Watu wamenipa njia nne: nilipie ndani ya jukwaa kwa Trade Assurance (ulinzi wa malipo wa Alibaba), nimtumie ajenti wa Guangzhou aninunulie 1688, nilipe kwa TT (kumtumia muuzaji hela moja kwa moja kupitia benki) kisha nikodi mkaguzi aende kiwandani, au niende benki nifungue LC (barua ya benki inayoahidi kumlipa muuzaji akileta nyaraka zinazotakiwa). Waliopita njia hizi naomba mnilinganishie. Sitaki matangazo ya maajenti inbox tafadhali.

Baharia_wa_CBM (Dar)
Ajenti tu dada. Hayo mengine ni maneno ya vitabuni.

Wa_Kamukunji (Nairobi)
Ajenti yupi lakini, Baharia? Mimi nimenunua kupitia maajenti miaka na miaka na sipingi kazi yao. 1688 ni soko la ndani la Wachina, maelezo yote Kichina, na wauzaji wengi hawana habari na mtu wa nje. Bei ni tamu kwa sababu hiyo. Ajenti anaongea nao, analipa, anapokea kwenye ghala lake na kukuchanganyia kwenye kontena.

Tatizo ni kwamba hela yote inapitia kwake. Kuna mmoja alikuwa ananiletea mzigo safi kabisa mwanzoni, tukazoeana hadi nikamwamini na oda kubwa. Baadaye nikaja kuona stakabadhi halisi za kiwandani: kila bei alikuwa ameipandisha, na komisheni bado nalipa juu yake. Huo ni wizi wa kistaarabu. Mbaya zaidi ni yule anayepewa kitu kidogo na muuzaji ili afumbe macho wakati wa kupokea. Ajenti anakukinga na muuzaji, sawa. Wewe nani anakukinga na ajenti?

Baharia_wa_CBM (Dar)
Ndiyo maana unachukua ajenti ambaye ofisi yake ipo Kariakoo na kwao panajulikana. Akikuzingua unajua pa kwenda kukaa mlangoni.

Xiaobei_Kona (Guangzhou)
Dada Mama Makoroboi, karibu. Kwanza hizo alama zisikuleweshe.

Gold Supplier ni uanachama wa kulipia. Muuzaji analipa ada ya mwaka, anapewa ukurasa na nembo. Kwa wasiojua, Februari 2011 Alibaba.com yenyewe ilitangaza kwamba wauzaji zaidi ya 2,300 wenye nembo hiyo walikuwa matapeli, na kwamba karibu wafanyakazi 100 wa mauzo wa kampuni waliwasaidia kuingia au walifumba macho. Mkurugenzi mtendaji David Wei alijiuzulu, ingawa hakuonekana kuhusika mwenyewe. Matapeli wale walikuwa na mtindo mmoja: vifaa vya elektroniki vinavyotafutwa sana, bei ya chini mno, oda ndogo inakubaliwa, na malipo kwa njia isiyo na ulinzi. Ni miaka mingi imepita, ila mtindo ni huohuo hadi leo.

Verified Supplier ni hatua moja mbele. Kampuni ya ukaguzi kama SGS au TÜV Rheinland inafika na kuthibitisha kwamba kampuni ipo na kiwanda kipo. Ila haisemi kwamba shuka lako litakuwa la pamba.

Kwa hiyo fanya hivi kwa wote watatu. Omba picha ya leseni ya biashara ya China. Ina namba ya herufi na tarakimu 18, na unaweza kuihakiki bure kwenye rejista ya makampuni ya serikali yao. Angalia kampuni imesajiliwa lini, mtaji kiasi gani, na shughuli zake zilizoandikwa: kama hakuna neno la uzalishaji, huyo ni dalali aliyekodi picha za kiwanda cha mwenzake. Udalali si dhambi, ila asikwambie ana kiwanda. Na jina la kisheria ni lile la Kichina. La Kiingereza wanajitungia tu, kampuni moja inaweza kuwa nayo matatu. Mkataba usio na jina la Kichina na muhuri mwekundu wa duara hautakufikisha popote hapa.

MamaMakoroboi (Mwanza)
Asante sana kaka. Sasa nisikilize. Yule wa bei ya chini kaniambia nikitoka nje ya jukwaa nikamlipa kwa TT atanipunguzia asilimia 5, maana anakwepa makato ya jukwaa. Akaunti aliyonitumia ina jina la mtu, anasema ni la mhasibu wao.

Wa_Kamukunji (Nairobi)
Kimbia.

Baharia_wa_CBM (Dar)
Hapa nakubaliana na Mkenya. Kimbia dada.

MpimaUzi (Arusha)
Huyo mtoe kwenye orodha, tuendelee na wawili.

Mimi nanunua vitambaa kwa Trade Assurance na naitetea, ila watu wengi wanaitumia vibaya halafu wanalia. Hela yako inashikiliwa na jukwaa, muuzaji haipati hadi masharti yatimie. Ukilalamika, wanaamua kwa kusoma kilichoandikwa kwenye oda. Si mlichoongea WhatsApp, si picha ya kwenye tangazo. Oda ikisema "mashuka, pamba, rangi mchanganyiko", basi wakikuletea chochote chenye pamba kidogo, umepoteza.

Andika hivi: pamba asilimia 100, gramu kadhaa kwa mita ya mraba (taja namba), idadi ya nyuzi, kipimo cha shuka baada ya kufuliwa, foronya mbili kwa jozi, rangi zipi na jozi ngapi kwa kila rangi, na kwamba mzigo ulingane na sampuli uliyoikubali, sampuli yenyewe mmeitia sahihi na tarehe. Sampuli inunue. Ikifika chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini yanayopukutika, poliesta inajikunyata, inayeyuka na kuganda kama punje ngumu ya plastiki. Kisha fua mara kadhaa kwa maji ya moto, pima upya kwa tepu.

Sasa mtego ambao hausemwi sana. Muda wa kulalamika kwa kawaida ni siku 30 tangu mzigo kupokelewa. Umepokelewa wapi? Ukimwambia muuzaji apeleke kwenye ghala la msafirishaji Guangzhou, hapo ndipo kwenye mfumo inasomeka umepokelewa. Mzigo unasubiri kontena lijae, unapanda meli, mwezi na zaidi baharini, foleni ya bandari, kisha Dar hadi Mwanza kwa lori. Unafungua robota la kwanza dukani na dirisha la malalamiko lilishafungwa zamani. Ulinzi ulikuwepo, ila uliisha ukiwa umelala.

MamaMakoroboi (Mwanza)
Eti! Hilo la ghala hakuna aliyeniambia, na nilishampa muuzaji anwani ya ghala.

Karani_Mstaafu (Tanga)
Wanangu, nimekaa idara ya biashara ya nje ya benki hadi nikastaafu, niseme kidogo kuhusu LC. Watu wanadhani benki ikiingia kati basi mzigo unakaguliwa. Hapana. Kanuni zinazotumika dunia nzima, UCP 600, zilizoanza Julai 2007, zinasema wazi katika kifungu cha 5 kwamba benki inashughulika na nyaraka, haishughuliki na bidhaa. Muuzaji akileta BL (hati ya meli ya kupokea mzigo), ankara na orodha ya mzigo visivyo na kasoro, analipwa, hata kama ndani ya maboksi kuna matambara.

Dawa yake ni kuongeza sharti moja kwenye LC: cheti cha ukaguzi kutoka kampuni uliyoitaja wewe kwa jina. Bila cheti hicho hakuna malipo. Hapo LC inakuwa na meno. Lakini kwa mzigo wa mama huyu sishauri. Ada za kufungua, kuthibitisha na kurekebisha, pamoja na fedha taslimu ambayo benki itataka uiweke, zitakula faida. LC ni ya mtu anayeleta makontena.

Xiaobei_Kona (Guangzhou)
Shikamoo mzee. Umemaliza kila kitu kuhusu LC.

Karani_Mstaafu (Tanga)
Marahaba mwanangu.

FundiSeli (Morogoro)
Mimi niingie kwenye pawabanki, maana hapo ndipo watu wanalia zaidi kuliko mashuka. Nazifungua kila wiki. Juu imeandikwa 20,000 mAh (kipimo cha uwezo wa betri), ndani unakuta seli nne za 18650, zile betri za mviringo. Hata seli nzuri ya aina hiyo kwa kawaida inaishia karibu 3,500, kwa hiyo nne hazifiki hata 15,000. Na zile si nzuri, nyingi zimetolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa. Nimeshakuta moja ina seli mbili na kifurushi cha mchanga ili iwe nzito mkononi.

Mkaguzi wa kawaida anayehesabu maboksi na kutazama rangi hawezi kugundua. Mwambie afungue kadhaa na apime uwezo kwa mashine, iandikwe kwenye maagizo yake. Kama hutaki usumbufu huo, dada, achana na pawabanki oda ya kwanza. Pia ni betri za lithiamu, usafirishaji una masharti yake na si kila ghala linapokea.

MtuWaOhio
Huku Marekani wamejaribu kulibana jukwaa lenyewe. Kuna sheria ya INFORM, ilianza Juni 27, 2023: muuzaji akifikisha mauzo 200 na dola 5,000 ndani ya miezi 12, jukwaa lazima lihakiki akaunti yake ya benki, namba ya kodi na mawasiliano, na muuzaji asipotoa taarifa hizo limfungie. China nao sheria yao ya biashara mtandaoni ya Januari 1, 2019 inalitaka jukwaa kuhakiki wauzaji na inakataza maoni ya kupika. Kwa nini sisi huko nyumbani tusidai kitu kama hicho?

Wa_Kamukunji (Nairobi)
Tudai, ndiyo. Ila Mama ana hela mkononi leo, na anayemuuzia yuko Zhejiang.

Xiaobei_Kona (Guangzhou)
Nirudi kwenye swali. Kwa maoni yangu zile njia nne hazishindani kama ulivyoziweka. Jiulize jambo moja: mzigo unapokaguliwa, hela iko kwa nani? Ikiwa bado haijafika kwa muuzaji, na mzigo bado uko China, una nguvu. Kimojawapo kikikosekana, unabaki kuomba.

Kwa jozi 2,000 ningefanya hivi. Lipa ndani ya Trade Assurance, asilimia 30 mwanzo na 70 baada ya ukaguzi kupita, iandikwe hivyo kwenye oda. Mzigo ukikamilika na kufungwa angalau asilimia 80, tuma mkaguzi wa kujitegemea kiwandani kabla haujatoka. Kwa siku moja kwa kawaida ni dola 200 na ushee hadi 300 na ushee. Anatumia jedwali la ISO 2859-1, kiwango cha kimataifa cha kuchagua sampuli za ukaguzi: kwa jozi 2,000, ngazi ya kawaida, anachukua jozi 125, anazichagua mwenyewe kutoka maboksi ya juu, ya katikati na ya chini, si zile anazoletewa pamoja na chai. Kwa kasoro kubwa kikomo cha kuvumilia (AQL) kinachozoeleka ni 2.5, yaani zikipatikana mbovu 7 mzigo unapita, zikiwa 8 unakataliwa. Kasoro kubwa ni zipi, unaandika wewe: mshono ulioachia, doa, kipimo kupungua, foronya moja badala ya mbili.

Ajenti bado unamhitaji, ila mpe kazi ya kupokea na kusafirisha tu. Ukaguzi asifanye yeye, na hela ya bidhaa isipite kwake.

Baharia_wa_CBM (Dar)
Kaka unaongea vizuri lakini unaishi huko. Dola 300 kwa mtu mwenye mzigo wa dola 2,000 ni asilimia 15, faida yenyewe iko wapi? Kwa mzigo mdogo mimi nasema oda ndogo kwa kiwanda kilekile, ajenti mwaminifu apige video akifungua robota moja moja, basi. Ukikua ndiyo ulete hayo majedwali.

MpimaUzi (Arusha)
Kwa dola 2,000 nakubali. Kwa jozi 2,000 za mashuka ya pamba tunaongelea hela nyingine kabisa. Na video ya kufungua robota haionyeshi poliesta.

Wa_Kamukunji (Nairobi)
Kuna watu watakuambia usijali, cheti cha PVoC (ukaguzi wa viwango kabla mzigo haujasafirishwa) kitakulinda, TBS kwenu au KEBS kwetu. Kile kinaangalia kama bidhaa inakidhi viwango vya nchi. Shuka jekundu lililokidhi viwango linapita, hata kama uliagiza la bluu.

MamaMakoroboi (Mwanza)
Nimewaelewa wote, Mungu awabariki. Pawabanki nimeziacha. Nimewaandikia wale wawili waliobaki kwamba nataka 30 kwa 70 na mkaguzi wangu kabla mzigo hautoki. Mmoja kakubali palepale na kutuma leseni. Mwingine anasema kiwanda chao hakiruhusu wageni kwa sababu ya siri za biashara.

MpimaUzi (Arusha)
Siri za kushona shuka 😂

Xiaobei_Kona (Guangzhou)
Basi umeshapata jibu lako bila kulipa hata senti. Huyo aliyekubali, nitumie namba ya leseni nikusomee rejista, bure, sina ajenti wala undugu na ajenti. Na kitu kimoja: siku ya kulipa zile 70, ikija barua pepe kwamba akaunti imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa mahesabu au sikukuu, usilipe. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hana habari, ni barua pepe yake imeingiliwa na mtu anayesubiri tarehe hiyo. Mpigie kwa video kwa namba uliyoanza naye, na lipa palepale ndani ya oda.

MamaMakoroboi (Mwanza)
Namba nakutumia sasa hivi. Sampuli nitachoma uzi hapa dukani wateja wakiona, niwawekee picha.