Eti mtu wa jembe haoni mandhari?! Wakuu nimekasirika

Wakuu, yule mjuaji wa picha, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo kanijibu mbele ya watu wote eti "mtu wa jembe haoni mandhari". Mimi! Kisa nimeuliza tu, kwenye ule mchoro wa 1821 wa Constable, mchoraji wa Kiingereza, The Hay Wain (yaani gari la nyasi), wakata nyasi wako wapi? Maana kamwaga aya ndefu kama reli ya TAZARA anasifia utulivu wa Suffolk, mashambani kule Uingereza, gari la farasi limetulia mtoni, mbwa anaangalia, moshi unafuka nyumbani, mawingu. Mawingu mzee kayaweza, hapo sibishi. Ila waliokata hizo nyasi wako kule mwisho wa shamba, vidoa vyeupe, mpaka ubandike pua kwenye picha ndo uwaone, na jua linawachoma migongo saa hiyo.

MTU WA JEMBE HAONI MANDHARI!! Chakula kimegoma kupita.

Constable baba yake alikuwa na pesa, mwenye vinu vya kusaga nafaka, na picha yenyewe kaimalizia London. 1822 vibarua wa upande huohuo wa Uingereza wakawa wanavunja mashine za kupuria na kuchoma moto mali za wakulima wakubwa, ujira haushibishi, na Constable alijua, alimwandikia rafiki yake kwamba kule Suffolk haupiti usiku bila moto kuonekana. Utulivu gani sasa? Nikamwekea yote hayo, jibu ndo hilo la jembe. La jembe jamani!

Kibuyu: Mkuu unasusa ugali kwa ajili ya mzungu aliyekufa 1837? Kanywe maji ulale.

Mleta uzi: Sio mzungu, ni kuambiwa mtu wa jembe sioni!

MamaTatu: Kwani jembe tusi? Mi nalima na picha nimeipenda, farasi wamenona.

Kibuyu: 😂😂 uzi umekufa

Dogo_Njombe: Afadhali huyo wako. Shemeji yangu kila Desemba anajipiga picha kwenye mahindi ya mama, "kijijini raha", palizi hajawahi kushika hata siku moja.

MamaTatu: Na akirudi mjini anabeba gunia la bure, nawajua hao.

Dogo_Njombe: Mawili! Na nauli anaomba.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada

Kibuyu: Gunia la mahindi Njombe sasa hivi bei gani?