Fundi wa faiba kaniomba hotspoti, kaitumia kuripoti kwamba sipo!

Mama Steshenari — leo, saa 9:12 alasiri

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Leo saa nane na nusu mchana fundi wa wale jamaa wa faiba, intaneti ya waya (mnawajua, gari lao la matangazo limepita mtaani kwenu mpaka watoto wamekariri wimbo) kakaa kwenye benchi langu, ndani ya steshenari yangu hapa Chanika, mkononi kashika soda niliyomnunulia mimi. Simu yake haina bando. Kaniomba hotspoti ili "ajaze taarifa za mteja kwenye mfumo". Nikawasha. Nikamtajia pasiwedi herufi moja moja, nikarudia mara mbili, nikamuuliza imeingia? Akasema imeingia, mama, asante.

Haikupita dakika mbili, simu yangu ikalia. Meseji: "Ndugu mteja, fundi wetu amefika eneo lako na hakukupata. Ombi lako limefungwa."

HAKUKUPATA!

Mtu yuko mbele yangu, magoti yake yanagusa kaunta yangu, soda haijafika nusu! Meseji ya kwamba sipo imetoka kwenye simu yake, ikapita kwenye bando langu, ikazunguka huko duniani, ikarudi kwenye simu yangu, na yeye bado anakunywa! Nikamgeuzia kioo. Nikamwambia, baba, soma hapa. Akasoma, akasema, "Hiyo ni mfumo tu, mama." Akanyanyuka, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Fomu yao ya kuunganishiwa nilijaza mwezi wa pili. Nimepigiwa simu za "fundi yuko njiani" nyingi kiasi kwamba huyo fundi angekuwa anatoka Cape Town kwa miguu angekuwa ameshafika. Nguzo yenye boksi lao jeusi iko hatua 14 kutoka mlangoni kwangu, nimezihesabu mwenyewe. Waya umepita juu ya bati langu kwenda gesti ya pili yake. Kunguru anaukalia kila asubuhi, ana faiba kuliko mimi.

Na msidhani nataka kuangalia tamthilia. Huu ni msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Watoto wanakuja na bahasha za kaki: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, vyeti vya shule viskaniwe, picha ipandishwe, fomu ichapwe, isainiwe, iskaniwe tena, irudishwe mtandaoni. Jana binti katoka Msongola kwa bodaboda, nauli ya kukopa, kadogoo hako. Tukapandisha cheti mara sita. Kinafika karibu na mwisho kinakwama, kile kiduara kinazunguka weee, mfumo unatutoa, tunaanza upya. Bando la wiki likaisha saa kumi jioni. Nikanunua lingine kwa hela yangu, kwa sababu nitamwambiaje mtoto wa watu arudi Msongola hivi hivi?

Bando la jana ndilo hilo hilo aliloripotia kwamba sipo.

Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika upande wa Afrika Kusini, Jumapili ile nchi nzima ikazima na majirani nao, sikulalamika. Bahari ni bahari. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umeanza kujengwa tangu 2009, kila bajeti tunasomewa kilomita, nami nafurahi kwa dhati, nchi ni yetu. Lakini hapa sizungumzii bahari wala kilomita. Nazungumzia hatua 14 na mtu aliyekaa kwenye benchi langu akaandika hakunikuta.

---

Kobe wa Goba — saa 9:20

Pole dada. Ila soda ulimnunulia ya nini? Ungempa maji ya kandoro huenda angeandika "mteja kapatikana kidogo".

Daktari wa Mchongo — saa 9:21

Soda gani?

Mama Steshenari — saa 9:23

Ya tangawizi. Na kaimaliza!

Daktari wa Mchongo — saa 9:24

Hapo sasa nimekasirika.

Fundi Nguzo — saa 9:41

Dada yangu, nimeifanya hiyo kazi miaka miwili, kwa mkandarasi, acha nikueleze ilivyo. Wengi wanaokuja kwako kampuni haijawaajiri. Ni vijana wa mkandarasi, wengine wa mkandarasi wa mkandarasi, wanalipwa kwa nyumba iliyowaka. Nyumba isipowaka hana kitu, na mafuta ya pikipiki ni yake, bando ni lake.

Sasa hilo boksi la nguzoni. Waya mmoja wa faiba unaingia, mwanga wake unagawanywa, unatoka kwenye matundu. Maboksi niliyofunga mimi mengi yalikuwa na matundu 8. Gesti ikichukua mawili, shule binafsi mawili, waliobaki wakijigawia, limejaa. Ukitaka la tisa, mpaka watu wa mipango walete boksi jingine, na wao wanaangalia ramani ofisini, haioneshi kwamba mtaa umejenga. Fundi anafika, anafungua boksi, anaona limejaa. Programu ya simu tuliyokuwa nayo ilikuwa na vitufe viwili tu: "imekamilika" na "mteja hakupatikana". Kitufe cha "boksi limejaa" hakikuwepo. Na tiketi, yaani ombi la mteja, ikikaa wazi siku tatu unakatwa hela.

Simtetei. Nakwambia kwa nini kaandika hivyo.

Mama Steshenari — saa 9:49

Ahsante kaka, wewe umenieleza kwa dakika nane kitu ambacho watu wa huduma kwa wateja hawajanieleza tangu mwezi wa pili. Lakini na yeye ana mdomo! Alikunywa tangawizi kwa mdomo huo huo! Angesema "mama, boksi limejaa, andika barua, kusanya majirani", ningeandika leo leo, nachapa barua kila siku ya Mungu! Kaamua kuniandika sipo. Nipo! Niko hapa tangu 2016, hata mjumbe anatumia kaunta yangu kugongea mihuri!

Kobe wa Goba — saa 9:52

Fundi Nguzo kumbe ndiyo nyie. Mwaka jana mlinichimbia mtaro mbele ya geti, mkatia bomba jeusi, mkafukia nusu, mkahama. Mvua za masika gari langu likadumbukia. Faiba sina, bampa sina.

Fundi Nguzo — saa 9:54

Sikuwa mimi, mkuu. Mitaro ni watu wengine.

Kobe wa Goba — saa 9:55

Mitaro siku zote ni watu wengine.

Kichuguu cha Kakonko — saa 10:03

Nimesoma kuanzia juu nikaona niseme. Nyie watu wa Dar mnalilia faiba kama mtoto aliyenyimwa nyama ya pili. Huku kwetu ukitaka kupokea meseji unapanda kichuguu nyuma ya zahanati. Pana jiwe tumelipaka chokaa: unasimama juu yake, unaelekea magharibi, unanyoosha mkono. Ukizidisha hatua mbili mbele, simu inakukaribisha Burundi na salio linaliwa kwa bei za ng'ambo.

Mikataba ya minara 758 ya simu iliposainiwa Dodoma Mei 2023, kwa kata 713, tulikaa kwenye redio tukisikiliza kama yametoka matokeo ya darasa la saba. Mnara umekuja kweli, sitasema uongo, upo, nauona hapa nilipo. Lakini unakula jua. Siku mbili za mawingu, umelala. Nesi wetu anatuma taarifa za chanjo mchana kweupe, saa moja jioni hapati hata "habari za jioni". Ujumbe huu nimeuandika kitambo, unatoka sasa hivi.

Bi Mkubwa wa Tanga — saa 10:06

Huyu sasa ndiye wa kuhurumiwa. Dada wa Chanika kaa kwanza.

Mama Steshenari — saa 10:08

Kaka wa Kakonko pole sana, namaanisha. Lakini mimi nilishakaa! Nilikuwa NIMEKAA, na bado hakunipata!

Kobe wa Goba — saa 10:11

Dada, suluhisho ni moja. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipandishwa Mlima Kilimanjaro, pale Horombo, mita 3,720. Hamishia steshenari huko. Watoto wa mkopo watapanda tu, wamezoea shida.

Mama Steshenari — saa 10:13

Mtaani kwangu ni tambarare! Hakuna hata kimlima! Mtu anafika na pikipiki hajahema!

Jirani wa Ruiru — saa 10:20

Poleni majirani. Sisi huku Kenya Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iliingia Julai 2023. Unaweka dishi kwa paa, unalipa na simu, maneno kwisha. Hakuna fundi wa kunywa soda yako.

Daktari wa Mchongo — saa 10:22

Ile ile ambayo Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu imejaa? Kumbe hata angani matundu ni 8.

Jirani wa Ruiru — saa 10:24

Sawa ilijaa. Lakini hawakuniandikia SMS ati siko nyumbani.

Mama Steshenari — saa 10:25

AHSANTE! Huyu kaelewa mada. Bando langu, benchi langu, soda yangu, na mimi sipo!

Mzee wa Bando — saa 10:31

Mnajadili faiba, mmesahau adui wa kweli. Bando. Naweka gigabaiti moja saa tatu usiku, simu naizima, naiweka chini ya mto. Asubuhi: "Umetumia asilimia 75." Nani katumia? Mto? Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilivyoanza? Watu walipiga kelele mpaka zikasitishwa. Siku hizi hakuna anayepiga kelele, mnapiga kelele za tangawizi.

Bi Mkubwa wa Tanga — saa 10:34

Babu, zima masasisho ya programu kwenye mipangilio. Mwanangu alinifanyia, bando likatulia.

Mzee wa Bando — saa 10:36

Simu nimesema NAIZIMA.

Utopolo Damu — saa 10:40

Mimi kesi yangu ni mpira. Natazama kwa simu, jirani ana king'amuzi. Goli nalisikia kwa jirani, nakaa dakika nzima nikisubiri kuliona, na nikiliona limegandia mpira hewani. Juzi nimeshangilia goli ambalo jirani alikuwa ameshamaliza kusikitika kwamba limekataliwa.

Mnyama wa Temeke — saa 10:41

Kwa timu yako hiyo, bora ligande.

Utopolo Damu — saa 10:42

Tukutane uwanjani. Kikosi chenu nacho kinapakia polepole.

Mnyama wa Temeke — saa 10:43

Hebu rudia hiyo kauli.

Mama Steshenari — saa 10:50

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Nimepiga huduma kwa wateja sasa hivi. Nimesikiliza muziki dakika kumi na tisa. Dada akapokea, akaangalia mfumo, akaniambia: "Mama, hapa inaonesha fundi alikuja hakukukuta." Nikamwambia alikuja na kunikuta. Akasema, "Basi wakati mwingine uwe unapatikana." Nimekata simu, nimekaa chini, nimelia kidogo. Binti wa Msongola kanitumia meseji kuuliza kama fomu yake imepita. Haijapita. Sijui nimjibu nini.

Fundi Nguzo — saa 10:55

Dada, usifungue ombi jipya la mteja mmoja, litafungwa tena. Kusanya majirani hata kumi, barua moja, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, mwandike "ombi la kuongezewa boksi", na namba ya nguzo. Imebandikwa kwenye nguzo yenyewe usawa wa macho. Peleka kwa mkono, na nakala yako wagonge tarehe ya kupokea. Huyo binti mwambie aje alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, mitandao inakuwa tupu.

Mama Steshenari — saa 10:57

Namba ya nguzo naiona kutoka hapa dirishani. Naianza barua sasa hivi. Binti nimemwambia alale kwangu leo.

Utopolo Damu — saa 10:58

Mnyama umekimbia? Nasubiri.

Mnyama wa Temeke — saa 11:02

Sijakimbia, mtandao ulikata.

Mzee wa Bando — saa 11:05

Sasa hivi imesoma asilimia 90 na sijafungua kitu zaidi ya uzi huu.

Mwanachuo Homboza — saa 11:09

Samahani dada mwenye uzi, steshenari yako iko upande gani wa stendi? Mnapiga picha za pasipoti?

Mama Steshenari — saa 11:10

Ukishuka stendi shika barabara ya gesti, nguzo yenye boksi jeusi, hesabu hatua 14. Picha nne elfu mbili. NIPO.

Kichuguu cha Kakonko — saa 11:31

Jua linaanza kushuka huku. Anayetaka kunijibu anijibu sa