Disneyland Paris na familia: nani ampishe nani kwenye foleni na kwenye parade?

Mwana Kamalondo

Jambo ba yaya na ba ndugu. Mwezi wa nane tunatoka Lubumbashi kwenda kwa ndugu zetu Bruxelles, na siku mbili tumeziweka kwa Disneyland Paris, ile mbuga kubwa ya michezo ya Ufaransa. Tuko saba: watu wazima watano (mmoja wao nkambo wa watoto, miaka 70), mtoto wa miaka 4 na mwingine wa miaka 9. Kuna mambo tunabishania hapa nyumbani. Mmoja wetu anaweza kushika nafasi kwenye foleni wakati wengine wamempeleka mtoto chooni? Kwenye parade (gwaride la wahusika wa Disney), mtu mzima aliyewahi mbele anapaswa kumpisha mtoto aliyechelewa? Na mtoto wa wengine akikusukuma mgongoni dakika arobaini, unamkaripia kama tunavyofanya kwetu, ama unanyamaza? Vijana wawili wasio na watoto wanasema hawataki kuzunguka kwa mwendo wa pusipusi. (Naongelea ile ya mtoto, si ile ya kubebea magunia sokoni.)

---

Mjomba wa Bruxelles

Nianze na foleni, maana ugomvi karibu wote unatoka hapo. Foleni inahesabiwa kwa miili iliyosimama, si kwa familia. Mtu mmoja kutoka nje kwa ajili ya choo kisha akarudi, hakuna atakayelalamika, hasa akiwa na mtoto mkononi na akisema "pardon" kwa kila anayempita. Kinachowasha moto ni kinyume chake: mmoja amesimama nusu saa, halafu sita wanakuja kumfuata wakiwa na vikombe vya soda. Aliye nyuma alihesabu kwamba mbele yake kuna mtu mmoja. Ghafla wamekuwa saba, na treni nzima ya mchezo imeshajaa. Mbuga nyingine hazina mzaha kabisa: kwenye zile za Six Flags za Marekani, kuruka foleni au kushikiana nafasi kunaweza kukufanya utolewe nje bila kurudishiwa pesa.

Kwa hiyo: choo kwanza, maji kwanza, halafu ingieni wote saba pamoja. Mtoto wa miaka 4 mpelekeni chooni hata akisema hana haja. Akizidiwa katikati ya foleni, anatoka na mtu mzima mmoja tu, na kabla ya kutoka mwambieni aliye nyuma yenu moja kwa moja: hawa wawili watarudi. Sentensi hiyo moja inaokoa mengi, maana watu hukasirika wakishtukizwa.

Vijana wawili waachieni mlango wa "single rider". Upo kwenye michezo michache tu, kama Crush's Coaster na Ratatouille. Unajaza viti vilivyobaki kimoja kimoja, kwa hiyo kila mmoja atakaa na wageni. Wasilalamike wakitenganishwa, na wasimwombe mtoto wa watu ahame kiti ili wakae pamoja. Hilo la mwisho linaudhi kuliko yote.

---

Mama Kalulu

Mjomba amesema vizuri, ila kuna jambo linaonekana kama kuruka foleni na wala si hilo: Baby Switch. Wazazi wenye mtoto asiyefika kimo wanapokezana. Hatua zake: mnakwenda wote kwa mfanyakazi aliye mlangoni mwa mchezo, mtoto akiwepo, na mnaomba *kabla* ya yeyote kuingia. Mzazi wa kwanza anapanga foleni ya kawaida. Akishuka, anabaki na mtoto, na wa pili anaingia kwa njia atakayoonyeshwa na mfanyakazi, bila kupanga tena. Mkiwa nyie ndio mliosimama na mkaona mama anaingizwa kwa mlango wa kutokea, msimpigie kelele. Mume wake alishapanga kwa niaba ya wote wawili.

Lakini kwenu hamuihitaji sana. Nkambo akikaa na mdogo, wazazi wote wawili wanapanga mara moja.

Vimo vya chini vya kuruhusiwa kupanda michezo sasa, maana hapo ndipo machozi huanzia. Big Thunder Mountain ni mita 1.02, Hyperspace Mountain 1.20, Indiana Jones 1.40. Mtoto wa miaka 4 mara nyingi anachezea kwenye mita 1 hapo, kwa hiyo mpimeni nyumbani, ukutani, kabla ya kumwahidi chochote. Wa miaka 9 huenda akapita kwenye 1.20 na akakwama kwenye 1.40. Kosa la wazazi ni kupanga dakika hamsini wakitumaini mpimaji atafumba macho. Hafumbi, kwa sababu chuma kinachomshika abiria kimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho; mdogo zaidi anaweza kuteleza chini yake. Kubishana na kijana wa mlangoni kunawachelewesha mia walio nyuma yenu, na jibu litabaki lile lile.

Kuhusu pusipusi: usiitumie kama jembe la kufungulia njia. Magurudumu ya mbele yanafika kwenye kisigino cha mtu, pale penye mshipa, na maumivu yake si ya kuchekea. Acha hatua moja na nusu mbele yako. Ukitaka kusimama, toka kwanza pembeni. Na ninyi msio na watoto, msisimame ghafla katikati ya njia kutazama simu. Anayesukuma gari la mtoto hana breki za haraka.

---

Fundi Picha

Parade. Inaanzia upande wa Fantasyland, eneo mojawapo la mbuga, na kumalizikia Main Street, barabara yake kuu, karibu na mlango mkubwa. Wanaotaka ukingo wa barabara wanakaa hapo mapema, dakika 30 hadi 45, na siku za likizo zaidi ya hapo. Aliyewahi ana haki na nafasi yake, awe na mtoto au asiwe naye. Mtu mzima aliyekaa chini saa nzima hana deni kwa aliyefika dakika mbili kabla.

Kuna kitu kizuri anachoweza kufanya bila kupoteza chochote: kumruhusu mtoto akae *mbele ya magoti yake*. Kichwa cha mtoto aliyekaa kinafika kifuani pako ukiwa umekaa, hakikuzibii. Tatizo ni kwamba mtoto mmoja akikubaliwa, anafuata kaka yake, halafu baba yao na mfuko. Kwa hiyo mzazi, ukiomba, omba hivi: mtoto peke yake, mimi nabaki hapa nyuma yako. Na ubaki kweli. Ukikataliwa, sema asante uondoke. Usimtume mtoto apenye katikati ya miguu ya watu huku ukijifanya hukuona. Mbinu hiyo kila mtu anaijua, Paris kama Katuba kwetu Lubumbashi.

Kumbeba mtoto begani: sawa, ila ujue umekuwa mnara wa mita mbili na zaidi. Mbebe ukiwa safu ya mwisho au umeegemea ukuta, na umpandishe kabla parade haijaanza, ili aliye nyuma apate muda wa kuhama. Simu nayo ishike usawa wa kifua au macho, si juu ya kichwa. Fimbo za kupigia picha zilipigwa marufuku kwenye mbuga za Disney mwaka 2015, ziacheni Bruxelles.

Kama mnataka kupita tu wakati parade inaendelea, msipasue umati. Nyuma ya maduka ya Main Street kuna njia mbili zenye paa, Liberty Arcade upande mmoja na Discovery Arcade upande wa pili. Wengi hawazijui. Zinakufikisha karibu na ngome bila kumkanyaga mtu.

---

Yaya wa Ruashi

Nijibu lile la kukaripia, kwa sababu hapo desturi zetu zinatudanganya. Kwetu, mtoto akifanya ujinga mbele ya mama yeyote wa mtaa, mama huyo atamrudi, na mzazi atamshukuru. Bulaya usimguse mtoto wa mtu, hata bega. Usimnyanyue aone vizuri, usimpe pipi, usimpige picha. Akikusukuma, geuka, mtafute *mzazi* kwa macho, useme kwa sauti ya chini: "Excusez-moi, il me pousse un peu." Mara nyingi mzazi hajui, ana simu mkononi. Akikujibu vibaya, wapishe wapite mbele yenu. Mnapoteza nafasi nne na kupata amani ya nusu saa. Mimi naona ni bei nzuri.

Wenu pia msiwapige pale. Ufaransa ina sheria ya mwezi wa saba 2019 inayokataza wazazi kutumia ukali wa mwili ama wa kisaikolojia kwa mtoto, na kofi moja ndani ya umati litawaletea watu wa ulinzi. Mtoto aliyelemewa na jua na kelele mtoeni kwenye foleni, mumpeleke kivulini. Foleni mtaipata tena.

Mtoto akipotea: mwandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino asubuhi. Msiandike ya +243, ya Kongo, kama haitashika huko. Andikeni ya yule ndugu wa Bruxelles mwenye laini ya Ulaya. Watoto waliopotea hupelekwa mwisho wa Main Street, karibu na mkahawa wa Plaza Gardens, palipo na chumba cha kuhudumia watoto wachanga. Nanyi mkimkuta mtoto analia peke yake, msimshike mkono kumpeleka popote. Simameni naye pale pale, mwiteni mfanyakazi mwenye beji ya jina. Mzazi hurudi mahali alipomwona mara ya mwisho.

---

Mwana Kamalondo

Aksanti sana. Limebaki moja: nkambo, kwa miaka yake 70, hawatampitisha mbele kama kwenye mazishi ama benki huku kwetu?

---

Mama Kalulu

Umri peke yake hapana. Njia ya kipaumbele ni ya wenye hati ya ulemavu na wengine wachache wenye karatasi za daktari, na lazima kadi ichukuliwe kwanza. Akiwa anatembea vizuri, mpandisheni na mdogo kwenye treni ya Disneyland Railroad: inazunguka mbuga nzima, ina vituo vinne, na anakaa. Mchukulieni na kofia. Mwezi wa nane jua la kule si mchezo, na mabenchi ya kivulini yanajaa kabla ya saa sita.