Tupeane uzoefu: kemia ya mwaka wa pili ilikufanya nini hapa Dodoma?

Zabibu Kavu
Mbukwenyi wakuu. Jana nimempeleka binti yangu saluni maeneo ya Majengo, dada wa kucha akafungua kichupa cha kufutia rangi, ile harufu ikanikamata koo. Ethaili aseteti! Nikajikuta nipo maabara mwaka wa pili, chupa ya mviringo inachemka, na bomba la kupoozea limekauka tangu asubuhi. Binti ananiuliza baba mbona unacheka peke yako, nikashindwa hata pa kuanzia.

Basi tupeane uzoefu. Nasema mwaka wa pili hasa, siyo ule wa kwanza uliokuwa marudio ya Advance. Mwaka ambao oganiki (kemia ya kaboni), kinetiki (kasi ya mimenyuko) na ikwilibriamu (pale kwenda na kurudi kunapolingana) ziliangukia muhula mmoja. Nani alitoka salama? Nani alidisko, akaondolewa chuo kwa kufeli? Vyuo na majina ya walimu msitaje tafadhali, wengine bado tuna vyeti vya kufuatilia huko.

Mtoto wa Ng'ong'ona
Sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, zote za kemia. Naweka kambi hapa.

Nyuzi 96
Donda langu ni maji kuchemka. Msicheke.

Tulipewa kazi ya kuhakiki kipimajoto kabla ya kuchemsha alkoholi. Unachemsha maji ya distili, unasoma, unaandika. Kipimajoto kikapanda hadi 96, kikagoma. Tukabadilisha, 96. Tukaazima cha kundi la jirani, nacho 96. Mwenzangu wa mezani, mjanja wa mjini, akaandika 100 kwa sababu kitabu kinasema 100. Mimi nikaandika nilichokiona kwa macho yangu. Ripoti zikarudi: yeye kapata zote, mimi nimekatwa, pembeni kalamu nyekundu inasema "kifaa kibovu".

Wakuu, Dodoma ipo mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni ndogo kuliko ya Dar, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye 96 hivi. Hata ethanoli ambayo kitabuni ni 78, hapa inaanza kwenye 75. Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa! Nilimfuata mhusika ofisini na hesabu zangu, akaziangalia, akasema, "Kijana, mtihani hauulizi unaishi wapi." Alama sikurudishiwa mpaka leo.

Fundi Bureti
Kumbe ndiyo maana maharage ya hapa hayaivi.

Mama Kemia
Fundi, mwinuko unachangia lakini usiusingizie peke yake. Maji yetu ya visima yana kalsiamu na magneziamu za kutosha, nazo zinakaza ganda la harage. Muulize mtu yeyote anayefua kwa sabuni ya mche hapa mjini.

Na hayo maji yana kisa chake. Wakati wangu tulikuwa na zoezi la kutambua sampuli zisizojulikana. Maji ya distili yakaisha katikati ya wiki, mtu wa stoo akajaza vichupa vyote vya kusuuzia kwa maji ya bomba, kimya kimya. Sasa kila mwanafunzi akidondosha silva naitreti, mashapo meupe, dalili ya kloraidi, kumbe imo kwenye maji ya bomba. Sampuli ya kwanza kloraidi, ya pili kloraidi, ya tano kloraidi. Darasa zima tuliandika kloraidi. Waliokuwa na kipimo cha Tollens, kile cha kutambua aldehaidi, ndio walilia zaidi: badala ya kioo cha fedha ukutani mwa tyubu, wamepata uji mweupe. Binti mmoja tu alijaribu kuweka silva naitreti kwenye maji matupu ya kichupa bila sampuli, akaona weupe uleule. Huyo ndiye aliyetuokoa.

Profesa wa Kimbweta
Mnakuza mambo. Kwangu ikwilibriamu ilikuwa mteremko. Ukishamjua Le Chatelier, kwamba ikwilibriamu ukiisumbua inasogea kupunguza usumbufu, umemaliza: ongeza presha, ongeza kichocheo, amonia inakuja tele.

Nyuzi 96
Mkuu umesema kichocheo kinaongeza amonia?

Profesa wa Kimbweta
Ndiyo. Chuma si kinawekwa kwa ajili hiyo?

Mama Kemia
Na ndiyo maana orodha za sapu zilikuwa zinajaa ubao. Kichocheo kinashusha kizingiti cha nishati pande zote mbili, kwenda na kurudi. Kinakufikisha haraka, hakibadilishi unapofikia. Kinachobadilisha K, ile namba ya uwiano wa mazao na malighafi kwenye ikwilibriamu, ni joto basi. Presha inasogeza mchanganyiko, lakini K yenyewe haiigusi.

Mmenyuko wa amonia unatoa joto, kwa hiyo kwa nadharia ukipoza ndiyo unapata nyingi. Lakini ukipoza utasubiri mpaka uzeeke. Ndiyo sababu viwandani wanakwenda kwenye nyuzi 400 na kitu, presha mara 200 ya hii tunayovuta, chuma kimo ndani, na amonia inaondolewa kadiri inavyotokea. Wanakubali kidogo kwa kila mzunguko ili mradi kasi ipatikane.

Profesa wa Kimbweta
Dada povu la nini? Nilipata B+.

Mama Kemia
Mimi si dada yako, nina wajukuu. Na hiyo B+ ikahakikiwe upya.

Profesa wa Kimbweta
Shikamoo mama. Ila hoja yangu iko palepale.

Mama Kemia
Marahaba mwanangu. Hoja yako imeshazikwa.

Mtoto wa Ng'ong'ona
😂😂😂 Nimemwaga chai.

Bumu Limeisha
Kinetiki mimi niliielewa siku bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, lilipoingia. Mmenyuko wa oda ya kwanza (kasi inafuata kiasi kilichobaki), nusu uhai, yaani muda wa nusu kuisha, haitegemei ulianza na kiasi gani, ni 0.693 gawanya kwa k, namba ya kasi, basi. Na bumu ndivyo lilivyo. Upewe laki tano, upewe laki mbili, nusu inaisha kwa muda uleule. k yangu ilikuwa kubwa kwa sababu ya chipsi mayai za getini.

Fundi Bureti
Mwishoni inageuka oda sifuri: mia tano kila siku, bila kujali kilichobaki.

Bumu Limeisha
Na kilichobaki ni sifuri 😭

Koti Jeupe
Mmenikumbusha mbali. Niwape ya kwangu.

Ilikuwa Novemba, jua la saa nane mchana, mvua hazijaanza. Maabara ina feni mbili, moja imekufa. Kazi ya siku ni kutenganisha asidi ya benzoiki na naftalini. Mliopita mnaijua: unayeyusha vyote kwenye etha, unamimina sodiamu haidroksaidi, unatikisa kwenye faneli ya kutenganishia. Asidi inageuka chumvi, inahamia kwenye maji chini, naftalini inabaki juu na etha. Kila ukitikisa unafungua koki kidogo kutoa presha, la sivyo kizibo kinaruka.

Sasa etha kitabuni inachemka kwenye 34.6. Kwa mwinuko huu aliousema Nyuzi 96, hapa ni kama 31. Na chumba kile mchana ule kilikuwa kimeshapita hapo. Yaani etha ilikuwa inachemka yenyewe mezani, hakuna aliyeipasha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi darini, unatambaa juu ya meza, unashuka sakafuni, unatafuta pa kwenda.

Meza ya pili kutoka kwetu kulikuwa na jamaa, tumwite Kiberiti, ana kiporo cha zoezi la wiki iliyopita. Mlangoni imebandikwa karatasi kubwa, HAKUNA MOTO LEO. Yeye akawasha.

Mimi nilikuwa nimeinama naandika. Nilichokiona kwanza ni utepe wa bluu unakuja juu ya meza, hauna sauti, unapita katikati ya madaftari. Halafu VUUP! Bika ya kundi la mbele yetu ikashika. Na mwenye bika ni dada mmoja, koti lake la nailoni, la kushonesha mjini kwa bei poa, nywele za bandia mpaka kiunoni. Akageuka kutuangalia, bika bado iko mkononi...

Ngoja wakuu, bosi ananiita kikaoni. Nitaendelea.

Fundi Bureti
Hapana mkuu. HAPANA.

Mtoto wa Ng'ong'ona
Hiki kikao kimepangwa na adui.

Bumu Limeisha
Endelea mkuu, tumekaa paleee.

Kaboni Tatu
Wakati tunamsubiri, niseme la oganiki. Msikariri mimenyuko, chora mishale. Mshale unaanzia elektroni zilipo, unaishia zinapokwenda, hauanzii kwenye haidrojeni chanya hata siku moja. Mimi niligundua hilo kwenye kipimo cha Lucas, kile cha kutofautisha aina za alkoholi. Tyubu tatu, alkoholi tatu (ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa idadi ya kaboni zilizoshikana na kaboni yenye OH), zinki kloraidi kwenye asidi kali ya haidrokloriki. Ya tatu inakuwa ukungu papo hapo, ya pili unasubiri dakika kadhaa, ya kwanza unaiangalia mpaka kipindi kinaisha. Wenzangu walikariri hivyo hivyo. Halafu mtihani ukauliza alkoholi ya benzaili, nayo ni ya kwanza. Wakaandika haimenyuki. Inamenyuka chap! Ukichora, unaona kabokatayoni yake, kaboni yenye chaji chanya, inashikiliwa na pete ya benzini. Ukikariri, huoni kitu.

Profesa wa Kimbweta
Mimi nilikariri yote na nikapita. Desa za miaka ya nyuma, unazisaga, unaingia, unatapika. Acheni kutisha watoto.

Kaboni Tatu
Ndiyo maana bado unaamini kichocheo kinaongeza amonia.

Mwalimu Manyoni
Nafundisha sekondari huku, nichangie kidogo. Sisi ilikuwa thayosalfeti na asidi, ule wa msalaba chini ya bika unaopotea salfa ikijaa. Kundi la asubuhi lilifanya Juni saa moja na nusu, baridi ile ya Dodoma ya kuvalia sweta mbili. Sisi tukafanya mchana. Muda wetu ukawa karibu nusu ya wao, tukaambiwa tumepika data. Wakati Arrhenius ameshaeleza: mmenyuko wenye nishati ya uamsho (kile kizingiti alichosema Mama Kemia) ya kilojuli kama 50 kwa moli, nyuzi kumi tu zikiongezeka kasi inakaribia kuwa maradufu. Tangu hapo wanafunzi wangu wanaandika joto la chumba juu ya kila ukurasa, wapende wasipende.

Zabibu Kavu
Vikundi vya kusoma je? Vilisaidia?

Bumu Limeisha
Sana. Bila kikundi ningekuwa nauza mitumba Sabasaba.

Kaboni Tatu
Kikundi ni umbea. Kaa peke yako, zima simu.

Fundi Bureti
Mimi kikundi kilinipa mke. Kemia nilifeli.

Koti Jeupe
Nimerudi. Kikao chenyewe kilikuwa cha chai ya idara.

Basi yule dada bika mkononi inawaka. Wote tunapiga kelele, mmoja anasema mwaga maji, mwingine itupe. Ukimwaga maji etha inaelea juu, unausambaza moto. Ukiitupa ndiyo umemaliza jengo. Mzee wa stoo, mtu tuliyekuwa tunamdharau kwa sababu hana digrii, akatoka nyuma anatembea, hakimbii. Akamwambia, "Iweke chini taratibu, mwanangu." Akaiweka. Mzee akafunika bika kwa bamba la chuma, moto ukafa hapo hapo. Ule wa mezani akaumwagia ndoo ya mchanga, akamvua dada koti, akafungua madirisha. Kisha akamgeukia Kiberiti, akamuuliza kama anajua kusoma.

Dada aliungua nyusi moja na ncha za nywele, basi. Nywele zenyewe za dukani.

Mtoto wa Ng'ong'ona
Alhamdulillah. Halafu dada ukamuoa.

Koti Jeupe
Hapana. Aliolewa na Kiberiti.

Fundi Bureti
😂😂😂😂 SITAKI.

Bumu Limeisha
Yaani akamuunguza na bado akamchukua. Mkuu na wewe ulikuwa unaandika tu?

Koti Jeupe
Nilikuwa naandika ripoti. Nilipata A.

Mama Kemia
Huyo mzee wa stoo alipandishwa cheo au waliishia kumpigia makofi?

Koti Jeupe
Makofi, mama. Na soda.

Mgeni Makulu
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo nipo mwaka wa pili sasa hivi, testi ni Jumatatu. Nimesoma yote haya nimezidi kuogopa. Nina swali moja tu: esta ya ethanoli na asidi ya ethanoiki, K ni 4, ukianza na moli moja moja unapata esta ngapi? Kila nikikokotoa naona majibu tofauti.

Profesa wa Kimbweta
Nusu kwa nusu dogo. 0.5.

Nyuzi 96
Usimsikilize huyo. Andika jedwali: mwanzo, badiliko, mwisho. Zikitokea esta x, na maji yanatokea x, asidi na alkoholi zinabaki 1 toa x kila moja. Mililita zinafutana juu na chini kwa hiyo usihangaike na ujazo. x mraba juu ya (1 − x) mraba ni 4, toa kipeo cha pili pande zote, x juu ya (1 − x) ni 2. x ni theluthi mbili, 0.667.

Mgeni Makulu
Aiseee, kumbe. Na alkoholi wakiifanya moli mbili?

Mama Kemia
Hapo kipeo hakitoki kirahisi, inabidi upige kwadratiki: 3x² − 12x + 8 = 0. Utapata 0.845 na 3.15. Ya pili itupe, huwezi kupata esta moli tatu kwa asidi ya moli moja. Na uandike kwamba umeitupa na kwa nini, wengine wanakata alama hapo.

Profesa wa Kimbweta
Mimi ningeweka kichocheo tu.